Saa ya Kusoma Mzazi Akiwa Bado Njiani

Mzazi wa Kilimani, Nairobi, mara nyingi hufika nyumbani kazi ya ziada imeshafanywa, au imeshazua ugomvi. Mtoto alishuka kwenye basi la shule zamani, yuko na dada wa kazi, na mzazi amekwama kwenye msongamano wa Barabara ya Ngong. Mazoea ya kusoma yanayotegemea mzazi kuketi kando ya mtoto yatavunjika kila jioni ya mvua.

Afadhali saa ya kusoma ifungamane na jambo lisilokosa kutokea: mtoto ameoga, amekunywa chai, anaketi. Dada aelezwe kwamba yeye analinda muda tu, runinga ikiwa imezimwa na simu ikiwa mbali. Kufundisha hesabu si juu yake. Na muda wenyewe uwe mfupi. Harris Cooper, mtafiti wa Marekani, hupendekeza takriban dakika 10 kwa siku kwa kila gredi, yaani dakika 40 kwa mtoto wa Gredi ya 4. Kumweka mtoto wa umri huo mezani hadi saa nne usiku ni kumwibia usingizi.

Ukifika, usikimbilie daftari. Kitabu kikiwa kimefungwa, mwambie: "Hebu nieleze, mwanangu, leo mmejifunza nini kuhusu mimea?" Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, walioongoza ni wale waliojilazimisha kukumbuka bila kutazama. Kurudia kusoma humfanya mtu ajione anajua, na hapo ndipo watoto wengi hudanganyika. Kwa hiyo akisitasita, mvumilie. Kule kutafuta jibu kichwani ndiko kunakomfunza. Kisha afungue kitabu, ajisahihishe mwenyewe.

Wengi wetu tulilelewa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, tukazoea kukariri. Sasa, chini ya Mtaala wa Umilisi (CBC), unaowapa watoto miradi ya kutengeneza, tunakosea kwa namna nyingine: mzazi anakesha akikata maboksi ili mradi wa mtoto upendeze. Linaniuma jambo hili, kwa sababu mwalimu akipokea kazi ya mzazi hawezi kujua mtoto amekwama wapi. Mpelekee mwalimu gari la maboksi lililopinda, na uandike kwenye daftari kwamba mtoto amelitengeneza peke yake na magurudumu yamemshinda.