Mshauri wa Sera za Nanoteknolojia

Nanoteknolojia, yaani ufundi wa kuunda na kutumia vitu vyenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, ambapo nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, imezaa kazi ya mshauri wa sera, ambaye huyageuza matokeo ya maabara yawe lugha inayoeleweka na watunga sheria na wenye viwanda. Ugumu wa kazi hiyo huanzia kwenye fasili. Mwaka 2011 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kwamba dutu ihesabiwe kuwa ya nano iwapo angalau nusu ya chembe zake, kwa idadi wala si kwa uzito, zimo ndani ya vipimo hivyo, na tofauti hiyo, inayoonekana kuwa ya kihesabu tu, huweza kubadili hadhi ya bidhaa nzima kisheria.

Dioksidi ya titani, unga mweupe uliotiwa kwa miaka mingi katika peremende, ambao baadhi ya chembe zake ni za nano, ilipigwa marufuku katika vyakula vya Umoja wa Ulaya mwaka 2022, ilhali Marekani iliendelea kuiruhusu mradi isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Mshauri anayemhudumia muuzaji wa pande zote mbili hulazimika kuzijua sheria zote mbili pamoja na sayansi iliyozitenganisha. Ndiyo maana wengi huanza na kemia, fizikia au elimu ya sumu, kisha wakaongeza sheria au uchumi, kwani kujifunza sayansi ukubwani ni kugumu zaidi.