Doa la Chooni ni Jiwe, si Uchafu

Jumamosi moja mama mmoja wa Kileleshwa aliniita nimng'olee choo, nimwekee kipya. "Fundi, dada wa kazi amesugua mpaka nimenunua brashi ya tatu, na bado ni kichafu," aliniambia. Nilipoinama niliona mstari wa kahawia, upana wa kidole, ukishuka kutoka ukingoni hadi kwenye maji. Nikaupitishia ukucha: ulikwaruza kama ukoko wa sufuria. Nikaudondoshea siki, na papo hapo vipovu vidogo vikaanza kuchemka. Choo kilikuwa kizima, na dada hakuwa mvivu.

Vipovu vile ni gesi ya kaboni dayoksaidi, na hutoka asidi inapokutana na chokaa. Maji yanapopita ardhini huyeyusha madini: kalisiamu, magnesiamu, chuma, manganizi. Yakiwa ndani ya maji hayaonekani. Maji yakikauka ukutani mwa bakuli, madini hubaki, na kila siku tabaka jipya hulala juu ya lile la jana. Ni jamaa ya ukoga wa meno. Rangi nayo inasema: weupe au kijivu ni chokaa, kahawia inayoelekea kutu ni chuma, weusi mara nyingi ni manganizi.

Kwa nini doa hili husumbua mitaa ya Nairobi kama Kileleshwa, Lavington na Westlands? Maji mengi ya bomba ya Nairobi hutoka mabwawa ya milimani upande wa Nyandarua, kama Sasumua na Ndakaini, lililokamilika 1994. Ni maji ya mvua na mito, hayakukaa sana ardhini, kwa hiyo ni laini. Lakini maji huja kwa mgao, na majumba mengi ya ghorofa yamechimba visima virefu au hununua maji ya lori. Maji ya kisima yamekaa miaka mingi ndani ya miamba ya volkano, na hupanda na madini yake. Katikati ya jiji, kwenye vyoo vya ofisi vinavyotumiwa na mamia ya watu, mkojo huongeza tatizo: bakteria hugeuza yurea kuwa amonia, na chumvi za mkojo huganda pamoja na chokaa na kuwa gamba gumu lenye harufu.

Jiwe hili halisuguliwi, huyeyushwa. Kwanza punguza maji ya bakuli: yasukume kwa brashi yapite kwenye kona, kisha kausha kwa kitambaa kikuukuu. Hatua hii wengi huiruka, halafu asidi yao inazimuliwa na maji kabla haijafanya kazi. Kisha mimina siki nyeupe, au gramu 100 za unga wa asidi ya sitriki, asidi ile ya ndimu, katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Usitumie maji yanayochemka, yanaweza kupasua bakuli. Chini ya ukingo, ambako siki haikai, bandika karatasi ya choo iliyoloweshwa kwayo. Acha usiku kucha. Asubuhi sugua kwa brashi ya kawaida na umwage maji. Gamba nene litahitaji usiku wa pili na wa tatu. Usilipige kwa kisu, waya wala mchanga: mchanga ni mgumu kiasi cha kukwaruza ule mng'ao wa kauri, na kila mkwaruzo ni kitanda kipya cha madini.

Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia, haiondoi jiwe. Huua vijidudu na kufifisha rangi ya uchafu, lakini kwenye doa la chuma huweza kuzidisha kutu. Lililo zito zaidi: usichanganye Jik na siki wala na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kumwangusha mtu. Ukitumia moja, suuza kwa maji mengi kabla ya kugusa nyingine, na afadhali iwe siku nyingine.

Yule mama nilimwonyesha chanzo cha mstari wake. Mpira wa kuzibia tangi la choo ulikuwa umechakaa, maji yakichirizika usiku na mchana mahali pale pale. Ukiona mstari mmoja chini ya ukingo, badilisha mpira kwanza, maana bila hivyo doa litarudi.

Tena, bakuli jeupe si cheti cha maji salama. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na floraidi haina rangi. Kwa kweli huzidi zaidi penye kalisiamu kidogo, yaani kwenye maji yasiyoacha doa la chokaa. Maji ya kunywa yapimwe maabara.

Na wewe unayemwajiri dada wa kazi au msafishaji wa ofisi, mpe glavu, mfungulie dirisha na umnunulie asidi sahihi badala ya brashi ya nne. Usimlaumu kwa jiwe ambalo hakuliweka yeye.