Krismasi na Begi Mgongoni

Kila Desemba, kaskazi inapoanza kushika, vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, hujaa vijana wa Ulaya wenye mabegi makubwa mgongoni. Wengi wamekimbia baridi. Wengine, ukiwadodosa, watakiri kwamba wameikimbia Krismasi yenyewe, pamoja na gharama za zawadi na ugomvi wa ndugu. Halafu tarehe 25 inafika, na yuleyule aliyekimbia anashinda amejilaza chini ya feni, hana hamu ya bahari wala ya chakula. "Anakumbuka kwao," watasema watu wa nyumba ya wageni. Wamepatia nusu.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, alitofautisha upweke wa aina mbili. Upo wa kukosa watu wa kuzungumza nao, na upo wa kukosa mtu wako, yule usiyehitaji kumweleza wewe ni nani. Msafiri wa begi huwa hasumbuliwi na ule wa kwanza. Bweni lina vitanda sita, na jioni soga zinapigwa hadi usiku wa manane na watu waliokutana juzi. Anachokosa ni mtu wake, na soga hata ziwe tamu vipi hazimleti. Ndiyo maana ukimwambia akachanganyike na wenzake anaenda, anacheka, kisha anarudi kitandani vilevile alivyotoka.

Mwaka 1982 wanasaikolojia Anne Peplau na Daniel Perlman waliueleza upweke kuwa ni pengo kati ya uhusiano ambao mtu anautaka na ule alio nao. Hapo ndipo sikukuu inapofanya kazi yake. Haimwondolei msafiri mtu yeyote; watu wake walikuwa mbali tangu alipoondoka na hakulalamika. Inachofanya ni kupandisha anachokitarajia, na pengo linatanuka kwa siku moja. Mchagga aliyebaki Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, akiyaona mabasi ya kwao Moshi yanaondoka yamejaa, hahitaji kusomewa nadharia hii.

Sasa Unguja ina lake. Wakazi wengi ni Waislamu, kwa hiyo duka la mtaani limefunguliwa, adhana inaadhiniwa kwa wakati wake, na muuza madafu hana habari na sikukuu ya mtu. Kwa aliyetaka kuiruka Krismasi, hiyo ni nafuu kubwa, na nadhani ni bora kuliko kukaa mji ambao kila dirisha lina taa za rangi. Aliyeitaka, lakini hana wa kuadhimisha naye, aende Mkunazini. Kanisa Kuu la Anglikana la pale limesimama palipokuwa soko la watumwa, na ibada yake ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877.

Nusu nyingine ya habari iko mwilini, nayo husahaulika. Chukua kijana aliyeondoka London kwenye nyuzi joto 5 akatua Unguja tarehe 20, kwenye nyuzi 31 na unyevunyevu wa pwani. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema zaidi, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Kabla ya hapo kichwa huwa kizito na chakula hakipiti. Usiku nao ni mtihani, maana ili mtu alale vizuri joto lake la ndani lazima lishuke kidogo, na ndani ya chandarua, na feni inayosukuma hewa ileile ya moto, halishuki kirahisi. Mwaka 2018 Eti Ben Simon na Matthew Walker wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba aliyekosa usingizi hujitenga na watu, na hata wanaomtazama humwona mpweke. Kwa hiyo tarehe 25 kijana wetu ana siku tano za joto na usingizi wa mang'amung'amu. Akili inatafuta sababu, na Krismasi iko pale karibu. Maji ya kutosha, chakula chenye chumvi, kivuli adhuhuri na kuoga kabla ya kulala vitamsaidia kuliko bia anazoletewa na wenzake.

Muulize pia anameza dawa gani ya kujikinga na malaria. Meflokwini, inayomezwa mara moja kwa wiki, huweza kuleta huzuni, wasiwasi na ndoto za kutisha. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake zito kabisa. Mwenye dalili hizo amwone daktari abadilishiwe. Asiache tu, akabaki bila kinga.

Na simu? London hula chakula cha Krismasi alasiri, na saa tisa mchana ya kule ni saa kumi na mbili jioni Unguja, wakati kwenye bustani ya Forodhani wanawasha makaa ya mishkaki. Akipiga saa hiyo, simu inazungushwa meza nzima na kila mjomba anauliza kama kuna joto. Heri apige saa sita mchana, kule ikiwa saa tatu asubuhi, azungumze na mtu mmoja kwa kirefu. Kwa Mjerumani, meza ya familia ni usiku wa tarehe 24.

Wenyeji nao tuna letu. "Peke yako? Kwani wenzio wako wapi, mwanangu?" anauliza mama wa nyumba ya wageni, kwa mapenzi kabisa, na mtu aliyekuwa ametulia anaanza kujihesabu yatima. Amwekee sahani tu, amwambie, "Karibu tule."

Ila akishikwa na homa, msihangaike na upweke wake. Msafiri akipata homa, hasa aliyepita Bara, apimwe malaria siku hiyohiyo, sikukuu au si sikukuu.