Kabati Lenye Kufuli

Kwa miaka ambayo nimefundisha hapa Kawangware, sijaona chombo kinachoheshimiwa darasani kuliko kabati. Chaki zikiisha tutaazima, dawati likivunjika watoto watabanana, lakini kabati likiwa na kufuli sote huamini kwamba shule ina mpango.

Shule yetu ni ya mabati, miongoni mwa zile zilizochipuka kwa kuwa shule za umma za mtaani hazitoshi. Hizo zilifurika elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure Januari 2003. Na mwaka 2018, Serikali ilipoanza kuzipelekea vitabu moja kwa moja ili kila mwanafunzi awe na chake, sisi tuliendelea kununua vyetu kidogo kidogo. Ndiyo sababu tulivifungia. Mwalimu mkuu aliposhinda mjini na ufunguo wake, watoto hamsini walinakili kutoka ubaoni maneno ambayo yalikuwa yamechapwa vizuri hatua nne kutoka walipoketi.

Mvua ndiyo iliyotuzindua. Paa lilivuja juu ya kabati hilo, na kwa kuwa lilikuwa limefungwa, hapana aliyejua mpaka siku ya tatu. Vitabu kumi na kimoja vya Sayansi vilikuwa vimegandamana. Hasara hiyo ilizidi yote ambayo watoto walikuwa wametutia.

Basi tuliing'oa milango ya kabati. Tuliilaza juu ya makreti ya soda yaliyochakaa, ikawa rafu mbili, vitabu vikainuka kutoka sakafu yenye unyevu na panya. Kabati lenyewe tuliligeuza likatenganisha Gredi ya Nne na ya Tano. Mgongo wake ukapakwa rangi nyeusi, ukawa ubao wa pili.

Ilibaki taabu moja: Jumapili chumba hicho huwa kanisa. Fundi wa cherehani wa Congo (nasema Congo ya Kawangware, si nchi) alitushonea mifuko hamsini juu ya magunia matatu, kila mtoto na mfuko wake wa daftari na penseli. Ijumaa magunia hukunjwa kama mikeka, yakafungwa kwenye boriti. Nayo mikebe mitupu ya Kasuku huhifadhi vizibo, mbegu na vijiti ambavyo mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, umetuletea kwa wingi.

Wanafunzi wawili wa Gredi ya Tano huandika majina ya wanaoazima vitabu. Muhula wa kwanza vilipotea viwili. Kimoja kilirudi, kikinuka mafuta ya taa. Sikuona kosa hapo. Kitabu kinachonuka taa kimesomwa usiku.

Walimu wenzangu watauliza habari za wezi. Ni kweli, wezi wapo, na sishauri mtu yeyote aondoe kufuli la mlango wa nje. Ninalolipinga ni lile linalomzuia mwanafunzi saa nne ya asubuhi, mwalimu akiwa mbele yake.

Kamusi zetu tatu bado zimo ofisini. Nimeziomba mara mbili. Mwalimu mkuu amesema tungoje muhula ujao, kwanza alikague lile daftari la majina. Tangu wasikie hivyo, makarani wangu wawili wameacha penseli. Wanaandika kwa wino.