Upatanisho katika beji: jinsi ya kusoma mihuri ya fedha ya jeshi la Uingereza

Sisi wanafunzi wa lugha hatuiachi ipite sentensi kama «kitabu umepotea». Sikio linakataa, kwa sababu nomino na kitenzi havipatani. Nimegundua kwamba wakusanyaji wa beji za jeshi la Uingereza wanafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na asiyeijua huuziwa beji za uongo.

Beji za kofia za askari wa kawaida zilikuwa za shaba au za metali nyeupe ya bei nafuu. Zile za madini ya fedha zilikuwa hasa za maofisa, pamoja na pini ndogo ambazo askari waliwapa mama zao, wake zao na wachumba wao. Nyuma ya beji ya fedha mara nyingi utakuta mihuri minne. Herufi za kwanza za jina hutaja fundi au karakana. Simba anayetembea hushuhudia kwamba katika sehemu 1,000 za madini, angalau 925 ni fedha. Alama ya mji huonyesha ilikopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Herufi moja iliyobaki ni ya mwaka, na kila mji ulikuwa na orodha yake. Kwa hiyo tafuta mji kwanza, ndipo usome mwaka.

Sasa tazama upatanisho. Kikosi kilichoitwa Machine Gun Corps kiliundwa 1915, kikavunjwa 1922. Katika orodha ya Birmingham iliyoanza 1900, herufi «a» ni mwaka huo wa 1900. Beji ya kikosi hicho yenye herufi hiyo inatangulia kikosi chenyewe kwa miaka 15! Taji nalo husema. Baada ya Elizabeth II kutawala 1952, beji zilipewa taji ambalo matao yake yamebonyea katikati. Taji hilo la malkia haliwezi kukaa pamoja na mhuri wa 1914.

Tena simba huthibitisha madini tu. Nakala mpya ya fedha halisi inaweza kugongwa mihuri kihalali, lakini herufi yake ya mwaka, ikiwapo, itataja mwaka wa juzi.

Kosa la kusoma lina gharama kwa familia pia. Kuanzia 1916 Uingereza ilitoa beji ya fedha kwa waliotolewa jeshini kwa sababu ya majeraha au ugonjwa, ili watu wasiwaite waoga mitaani. Nyuma yake kuna namba, na kwa namba hiyo daftari za jeshi humrudishia mtu jina lake.

Kwa hiyo, ukipata beji ya namna hii, tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa upande. Usiisugue ing'ae: kila msuguo hula mihuri, na kilichofutika hakuna atakayekisoma tena.