Imesukwa Upya, Bado Inakula Oili

Bodaboda ya Kansanga inayoshinda ikipanda kilima cha Muyenga na abiria ikitoka gereji baada ya injini kusukwa upya na bado inakula oili, lawama huangukia ringi mara moja. Lakini ringi mpya huhitaji kilomita mia kadhaa ili zikae sawasawa ndani ya silinda, na oili kidogo huungua kipindi hicho.

Moshi wa buluu wa oili inayoungua ukiendelea baada ya kipindi hicho, wakati unapotoka hueleza mengi. Wa asubuhi tu, unaokoma baada ya kuwasha, hutokana na sili za valvu. Unaotoka kila injini inapovuta mlimani huelekeza kwenye ringi au bloku. Hupimwa mgandamizo, kisha kijiko cha oili humiminwa kwenye tundu la plagi na kipimo kurudiwa. Kikipanda sana, ringi hazizibi. Ringi ya oili iliyofungwa vibaya, hata hivyo, hukikwepa kipimo hiki, maana haikuwekwa kuzuia mgandamizo.

Mara nyingi kosa ni la ufungaji: mianya ya ringi kupangwa mstari mmoja, au bloku kuchongwa bila kuachiwa michirizi ya kushika oili. Oili iliyojazwa kupita kiasi na bomba la kupumulia lililoziba huleta dalili hizohizo. Kuvikagua hakugharimu kitu, ila fundi mwenye haraka huviruka.