Televisheni na Intaneti Masukulu: Mvua, Migomba na Bati

Tukuyu, wilayani Rungwe, na vijiji vinavyoizunguka hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mwenye dishi anaijua vizuri. Wingu zito likitanda Masukulu usiku wa mechi, picha hukwamakwama, kisha hupotea kabisa. Kifurushi cha mwezi kimeshalipiwa.

Madishi madogo ya majumbani hupokea mawimbi ya gigahezi 11 hadi 12, ambayo urefu wake ni kama sentimita mbili na nusu. Matone ya mvua huyanyonya na kuyatawanya, na mawimbi yenyewe yametoka kilomita 35,786 juu ya ikweta, yamefika yakiwa hafifu. Dawa ni dishi kubwa zaidi, nayo hulipiwa mara moja tu. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara mbili na robo ya lile la sentimita 60, na hukusanya mawimbi kwa kadiri hiyohiyo.

Halafu kuna migomba. Dishi hufungwa miche ikiwa michanga, miaka inapita, majani mapana yenye maji yanaziba njia ya mawimbi, na lawama zote anabebeshwa fundi! Kwa setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, inayotumiwa na kampuni ya televisheni ya Azam, dishi la Rungwe hutazama magharibi, kaskazini kidogo, likiwa limeinuliwa nyuzi 57 hivi. Upande huo ndio wa kupunguza majani.

Lakini si lazima kila nyumba iendelee kulipia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mbeya ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo visimbuzi vya antena hutakiwa kuonyesha chaneli za kitaifa za bure, TBC1 na ITV zikiwemo, hata kifurushi kikiisha. Antena, tofauti na dishi, inataka kuuona mnara. Nyumba ya bondeni huhitaji mlingoti mrefu, na pengine kilima kikashinda.

Je, intaneti ichukue nafasi ya televisheni? Kwa mfuko mdogo, hapana. Saa moja ya video ya kawaida hula hadi gigabaiti moja ya bando, ya HD hufika tatu. Mnara wa televisheni huhudumia nyumba elfu kwa gharama ileile ya nyumba moja. Habari na mechi za bure zije kwa antena. Bando libaki kwa masomo ya watoto, bei ya parachichi na mazungumzo na ndugu walio mbali.

Bando hilo nalo lisipotezwe na bati, maana bati hurudisha mawimbi yalikotoka. Ruta ya 4G ikae dirishani upande wa mnara, au ipewe antena ya nje. Masafa ya megahezi 700 au 800 hufika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri zaidi kuliko yale ya 2,600, hivyo mtandao unaovuma mjini Tukuyu unaweza kushindwa na mwingine kijijini.

Kabla ya kununua chochote, azima laini za majirani, zunguka nyumba na simu ukipima kasi kila kona, mchana na usiku. Ukishajua kona na mtandao ulio bora, ndipo umwite fundi.